Utumbo Ukitoboka Wakati wa ERCP: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Mezani Hadi Siku ya Kutoa Stenti

Mama mmoja wa makamo alitolewa mawe kwenye mfereji wa nyongo saa tatu asubuhi, kwa ERCP, yaani kazi ya kuufikia mfereji huo kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Saa kumi jioni akaanza kulalamika tumbo. Akaambiwa ni gesi iliyopulizwa wakati wa kazi, akachomwa sindano ya maumivu. Saa mbili usiku akachomwa nyingine. Zamu ilipobadilika alimshika mkono muuguzi aliyeingia: "Sista, hii siyo gesi. Mgongo unanipasuka." Muuguzi yule hakuishia kusoma faili. Aliweka vidole juu ya mtulinga wa mgonjwa, akabonyeza taratibu, akasikia kitu kinachakacha chini ya ngozi, kama mtu anayebonyeza plastiki yenye vipovu ya kufungia vyombo. Ilikuwa hewa. Ilikuwa imetoka kwenye utumbo, ikapanda nyuma ya tumbo, ikapita kifuani na kufika shingoni. Ilikwisha kuwa saa tatu usiku, na tundu lilikuwa na umri wa saa kumi na mbili.

Naandika kwa ajili ya watu wa zamu kama ile: wauguzi, matabibu, madaktari wa wodi, na daktari wa endoskopia mwenyewe. Ndugu wa mgonjwa nao wasome, hasa sehemu ya mwisho. Tundu likigunduliwa mgonjwa akiwa bado mezani, mara nyingi hufungwa hapo hapo na mtu akaenda nyumbani baada ya siku chache. Tundu lile lile likigunduliwa kesho yake ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kwa nini tumbo linaweza kuwa laini

Nyongo hushuka kutoka kwenye ini kwa mfereji na kumwagika ndani ya duodenamu, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kupitia mlango mdogo wenye umbo la chuchu uitwao papila. Katika ERCP, daktari hupitisha endoskopu, mrija mrefu wenye kamera, mdomoni hadi mbele ya papila, akaingiza waya, akapiga picha za eksirei kwa dawa ya rangi, kisha akatoa mawe au kuweka stenti, mrija mdogo unaoachwa ndani ili njia ibaki wazi. Kazi hii ilianza kama kipimo tu: mwaka 1968 McCune na wenzake, Marekani, walifaulu kuingiza mrija kwenye papila kwa endoskopu. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani wakaanza kuikata papila kwa waya wa umeme ili mawe yatoke. Kipimo kikawa tiba, na ukuta wa utumbo ukaanza kukutana na kisu.

Sehemu kubwa ya duodenamu haielei ndani ya tumbo kama utumbo mwingine. Imelala nyuma ya utando wa tumbo, imegusana na kongosho na figo ya kulia. Ikitoboka kwa nyuma, hewa, nyongo na maji ya kongosho huingia huko huko nyuma, kwenye mafuta yanayozunguka figo. Utando wa mbele haujaguswa, kwa hiyo tumbo halikakamai kama ubao. Daktari kijana aliyefundishwa kwamba utumbo uliotoboka maana yake ni tumbo gumu, atabonyeza tumbo laini na kwenda kulala.

Hutokea kwa nadra: ripoti kubwa zinataja wagonjwa 6 hivi kwa kila 1,000. Lakini katika waliotobolewa, karibu 1 kati ya 10 wamefariki katika ripoti hizo.

Nani wa kumwangalia kwa macho mawili

Aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula na njia zake zikabadilishwa. Aliyekatwa papila, hasa kwa mkato wa awali wa kulazimisha njia baada ya waya kukataa kuingia. Aliyepanuliwa papila kwa puto kubwa. Mwenye kifuko cha ukuta wa utumbo kando ya papila. Mzee. Na yeyote ambaye kazi yake ilichukua muda mrefu na majaribio mengi. Andika jambo hilo wazi kwenye faili kabla mgonjwa hajaondoka chumbani: "kazi ilikuwa ngumu, papila imekatwa, muda dakika 80." Mtu wa wodi hawezi kuogopa asichoambiwa.

Hatua ya kwanza: mezani

Dalili huanza kwenye skrini. Dawa ya rangi badala ya kufuata mfereji inasambaa kama wino uliomwagika kwenye nguo. Ukingo wa figo ya kulia, ambao kwa kawaida hauonekani vizuri, unajichora ghafla kwa mstari mweusi. Mstari huo ni hewa. Waya umekwenda upande ambao hakuna mfereji. Au unachungulia kwa endoskopu na badala ya ukuta wa waridi unaona mafuta ya manjano. Mgonjwa naye anasema kwa mwili wake: tumbo linavimba kama ngoma, oksijeni inashuka, shingo na kope zinajaa.

Yeyote anayeona aseme kwa sauti, awe muuguzi, mtu wa eksirei au anayelaza mgonjwa usingizi. Nasisitiza hili kwa sababu chumbani kuna ngazi za vyeo, na dakika nyingi hupotea watu wakisubiri mkubwa aseme.

Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Acha kupuliza hewa. Kama mlikuwa mnatumia hewa ya kawaida, hamieni kaboni dioksidi, ambayo mwili huinyonya haraka zaidi. Nyonya gesi na maji yaliyomo utumboni.

2. Usichomoe endoskopu kwa hofu. Tundu unaloliona sasa ndilo rahisi kulifunga, na ukitoka huenda usilipate tena.

3. Tazama upumuaji na presha. Tumbo likiwa limejaa gesi kiasi cha kubana kifua na presha inaanguka, itoe gesi hiyo kwa kanula nene, sindano yenye mrija laini, mahali palipo mbali na ini na makovu ya upasuaji, huku kanula ikiwa na bomba la sindano lenye maji ya chumvi ili uone vipovu. Sikiliza mapafu pande zote mbili; hewa inaweza kuwa imeingia pia kifuani, na hiyo ina tiba yake ya haraka.

4. Mpigie daktari wa upasuaji wakati endoskopu bado iko ndani. Kumwita siyo kukubali kwamba atapasua. Anaitwa ili alipime tumbo saa ya kwanza, na yeye yule alipime tena saa ya sita, maana mabadiliko huonekana na mkono uliogusa mara zote mbili.

5. Anza antibiotiki hapo hapo.

Kisha linakuja swali linaloamua yote: tundu liko wapi?

Hatua ya pili: tambua aina ya tundu

Mwaka 2000 Stapfer na wenzake, madaktari wa Los Angeles, waliyagawa matundu haya katika aina nne, na mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo kwa sababu kila aina ina njia yake.

Aina ya kwanza ni ukuta wa duodenamu uliopasuliwa na endoskopu yenyewe, mbali na papila. Ni kubwa na ni hatari kuliko zote, kwa kuwa chakula, nyongo na maji ya kongosho vinamwagika kwa wingi. Ikionekana mezani, jaribu kuifunga mara moja. Tundu dogo la chini ya sentimita 1 hufungwa kwa klipu za kawaida, yaani vibanio vidogo vya chuma. Kubwa zaidi huhitaji klipu kubwa inayovishwa kwenye ncha ya endoskopu. Endoskopu ya ERCP hutazama pembeni, na kilango chake cha kuinua vifaa hukunja klipu na kuzifanya zikwame. Wengi hutoka na kurudi na endoskopu ya kawaida inayotazama mbele, yenye kofia ya plastiki kwenye ncha. Kabla ya kufanya hivyo weka klipu moja kama alama karibu na tundu, na angalia usije ukaziba papila. Ikishindikana kufungika, mgonjwa aende chumba cha upasuaji leo, si kesho.

Aliyewahi kukatwa tumbo la chakula na kuungwa upya anaweza kutobolewa mbali kabisa na duodenamu, kwenye kitanzi cha utumbo kinachoelea ndani ya tumbo. Huyu tumbo lake hukakamaa, na mara nyingi huishia kwa mpasuaji.

Aina ya pili ni ya papila, mkato uliopita mpaka wa ukuta. Katika vyumba vinavyokata papila kila wiki, hii ndiyo utakayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayowagawa madaktari kati ya kupasua na kusubiri. Tundu liko nyuma ya utando, mara nyingi ni dogo, na likizuiwa kuloweshwa na nyongo hujifunga. Kwa hiyo kazi ni kuielekeza nyongo kwingine. Stenti ya chuma iliyofunikwa yote, yenye upana wa milimita 10, hufanya mambo mawili kwa pamoja: inapitisha nyongo na inaziba mkato kwa kuubana. Kama haipo, na sehemu nyingi haipo kwa sababu ya bei, weka stenti ya plastiki au mrija wa nyongo unaotokea puani. Kama kuna mawe yamebaki, yaache. Nimeona hamu ya kumaliza mawe ikiongeza nusu saa ya kupuliza gesi kupitia tundu lililo wazi. Mawe yanaweza kusubiri wiki kadhaa, mradi nyongo inapita.

Aina ya tatu ni tundu la waya au kikapu cha kunasia mawe, ndani ya mfereji wa nyongo wenyewe. Ni dogo. Weka stenti ipite mbele ya tundu, mpe antibiotiki, mwangalie. Wengi hupona bila kisu.

Aina ya nne ni hewa peke yake nyuma ya tumbo kwenye picha, bila dawa ya rangi kuvuja na bila mgonjwa kuugua. Usitibu picha. Wingi wa hewa haupimi ukubwa wa tundu. Unaonyesha zaidi ni kiasi gani kilipulizwa.

Hatua ya tatu: saa sita za kwanza wodini

Hapa ndipo mgonjwa wa aina ya pili anapookolewa au kupotezwa, na kazi kubwa ni ya muuguzi.

Asile wala asinywe chochote. Mrija wa puani ushuke hadi tumboni, na kama inawezekana hadi duodenamu, uunganishwe na mfuko au mashine ya kunyonya. Dripu ya Ringa lakteti, na mrija wa mkojo ili ujue dripu inatosha: mgonjwa wa kilo 60 atoe angalau mililita 30 kila saa. Pantoprazoli au omeprazoli miligramu 40 mshipani kupunguza asidi. Antibiotiki kwa mtu mzima asiye na mzio: seftriaksoni gramu 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8; au, palipo na piperasilini na tazobaktamu, hiyo badala yake, gramu 4.5 kila saa 6 hadi 8, huku figo zikiangaliwa. Kinga ya damu kuganda miguuni, kama papila haitoki damu.

Kuhusu maumivu, sisemi mgonjwa aachwe anateseka. Mpe morfini kidogo kidogo kadiri anavyohitaji. Ninachokataa ni sindano inayotolewa kabla mtu hajafunua shuka. Kila anapoomba dawa, kwanza: yako wapi, yanaelekea mgongoni, yameongezeka tangu lini? Bonyeza tumbo. Gusa shingo na juu ya mitulinga. Andika saa. Kisha toa dawa.

Vipimo vya mwili viwe kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila nusu saa kwa saa mbili zinazofuata, halafu kila saa. Mapigo yanayopanda kutoka 84 hadi 98 hadi 112 yanasema kabla joto halijapanda na kabla presha haijashuka. Ukiona mapigo yamepita 100 na yanaendelea, joto nyuzi 38 au zaidi, pumzi zaidi ya 22 kwa dakika, au mkojo umepungua, usiandike tu. Piga simu.

Hatua ya nne: kama haikuonekana mezani

Maumivu baada ya ERCP yana sababu kuu mbili za kuogopesha, na moja hujificha nyuma ya nyingine. Kongosho kuvimba ndiyo ya kawaida zaidi. Lipase au amilase hupanda mara tatu ya kawaida au zaidi. Lakini lipase iliyopanda haiondoi tundu, kwani vyote viwili vinaweza kuwapo. Hewa chini ya ngozi, homa ya mapema, na mapigo yasiyolingana na maumivu vinaelekeza kwenye tundu. Maumivu yakishuka upande wa chini kulia, usikimbilie kidole tumbo: maji yaliyovuja nyuma ya utando hutelemka hadi kwenye nyonga, na kwa wanaume hata kwenye korodani.

Eksirei ya kifua akiwa amekaa ipigwe, lakini isikutulize. Hewa ya nyuma ya utando haipandi chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kipimo cha kuaminika ni CT skani yenye dawa ya mshipani na dawa ya rangi ya kunywa, ile inayoyeyuka kwenye maji. Bariamu hapana kabisa. Ikivuja ndani ya tumbo huacha madhara makubwa. Tafuta mambo matatu: dawa inavuja bado, kuna maji yamejikusanya, na stenti iko mahali pake?

Ikiwa zaidi ya saa 12 zimepita na dawa bado inavuja wazi, au mgonjwa anaonyesha sumu ya maambukizi kwenye damu, mpasuaji awe kitandani.

Hospitali isiyo na CT isikae na mgonjwa kusubiri uhakika. Mrija puani, dripu, dozi ya kwanza ya antibiotiki, kisha safari. ERCP katika Afrika Mashariki hufanyika kwenye hospitali chache za miji mikubwa, na mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi huenda jioni yuko kwenye zahanati ya kijijini kwao. Barua ya rufaa iseme: saa ya ERCP, papila ilikatwa au la, stenti imewekwa au la na ya aina gani, saa ya dozi ya mwisho. Mkimsafirisha kwa ndege ndogo, mwambieni rubani na timu yake kwamba kuna hewa iliyofungiwa tumboni. Gesi hutanuka kadiri ndege inavyopanda, kwa hiyo warushe chini inavyowezekana na mrija wa puani uachwe wazi njia nzima.

Hatua ya tano: kisu, lini

Sababu za kupasua ni hizi: aina ya kwanza isiyofungika kwa endoskopu, dawa ya rangi inayovuja kwa wingi, tumbo lililokakamaa, maambukizi yanayozidi licha ya matibabu, usaha usiofikika kwa sindano ya kupitia ngozini, au kikapu kilichonasa. Mpasuaji huosha, hukata kilichooza, hushona tundu na kulifunika kwa kipande cha pazia la mafuta ya tumbo, na pengine huelekeza chakula njia nyingine kwa muda. Huacha mirija ya kutolea uchafu, na mara nyingi mrija wa kulishia chini ya tundu.

Kundi linalokufa zaidi ni la wale waliotibiwa kwa kusubiri, kusubiri kukashindwa, kisha wakapasuliwa wakiwa wamechoka. Kwa hiyo anayesubiri asubiri kwa saa iliyopangwa. Andikeni kwenye faili: "Tutampima baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Mapigo yasiposhuka, CT irudiwe." Kusubiri kusiko na saa ni kutelekeza.

Siku zinazofuata

Mgonjwa anayeendelea vizuri, maumivu yakipungua na joto likishuka, hukaa bila kula kwa siku kadhaa, mara nyingi 3 hadi 7. Akizidi hapo alishwe kwa mrija uliopita chini ya tundu, kwa maana mwili wenye njaa haufungi kidonda. Kabla ya kikombe cha kwanza cha chai, mpe dawa ya rangi ya kunywa na umpige picha. Haivuji? Maji, kisha uji mwepesi, kisha chakula laini. Homa ikirudi siku ya tano au ya sita, fikiria usaha uliojikusanya nyuma, rudia CT, na utolewe kwa mrija kupitia ngozini.

Kwa ndugu, na kwa anayezungumza nao

Waambieni siku ile ile, kwa maneno ya nyumbani: "Wakati wa kutoa mawe, ukuta wa utumbo umepata tundu dogo. Tumeliona, tumeweka stenti, hatutampa chakula, na daktari wa upasuaji atamwona tena saa nne usiku." Msiseme "amepata shida kidogo." Ndugu wakijua asile, hawatamletea supu kwa siri. Nimewahi kukuta chupa ya uji chini ya kitanda, imeletwa kwa upendo, na hakuna aliyekuwa amemweleza shangazi yule kwa nini mwanawe asile.

Ninyi ndugu: baada ya ERCP lalini karibu na hospitali usiku wa kwanza kama mnaweza, msipande basi la masafa jioni ile. Mrudisheni mara moja akiwa na maumivu ya tumbo yanayoongezeka au yanayokwenda mgongoni, homa au baridi ya kutetemeka, kutapika kusikokoma, kinyesi cheusi kama lami, au uvimbe wa shingo unaochakacha. Msinunue dawa ya gesi dukani mkasubiri asubuhi.

Siku ya kuruhusiwa, dai kadi ya stenti. Iandikwe aina yake, tarehe iliyowekwa na tarehe ya kuitoa. Ya chuma iliyowekwa kuziba tundu hutolewa baada ya wiki chache kwa kadiri daktari atakavyopanga. Ya plastiki huziba ndani ya miezi mitatu hivi, na ikiziba macho hugeuka manjano na homa huja kwa kishindo. Piga picha ya kadi hiyo kwa simu, mtumie na mtu mwingine mmoja wa familia, kisha kadi yenyewe iwekwe pamoja na kitambulisho cha mgonjwa.